Ubao Mmoja Unaostahili Kulipiwa: Namna ya Kuchagua Gitaa Kavu la Bei Nafuu Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako ujuzi wa mbao si mali ya seremala peke yake. Familia nyingi hupanda paini na milingoti kama akiba ya ada za shule na ujenzi, na malori yenye mbao za kenchi, nguzo na mirunda hupita mchana na usiku Makambako, mji ambako barabara itokayo Songea na Njombe hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Mnunuzi aliyekulia katika mazingira hayo hutofautisha, bila kufundishwa darasani, ubao mkavu na mbichi, ulionyooka na uliopinda, uliopasuliwa vizuri na uliopasuliwa kwa haraka. Hata hivyo mtu huyohuyo, awe mwanakwaya wa kata ya Ramadhani mjini Njombe au mwalimu wa sekondari Makambako, akiingia katika duka la ala za muziki huuacha ujuzi huo mlangoni na kuamua kwa kutazama rangi, mng'aro na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa.

Hasara ya uamuzi wa namna hiyo huonekana baadaye, wakati vidole vinapouma kwa sababu nyuzi ziko juu mno, au wakati kiangazi kinapopasua ubao ambao ulilipiwa ziada kwa sababu tu ulielezwa kuwa ni mbao tupu. Hoja ya makala haya ni kwamba katika gitaa la bei nafuu kuna ubao mmoja tu, ule wa mbele, unaostahili kulipiwa zaidi ukiwa mzima. Na kwamba hata ubao huo hutanguliwa na jambo lisilotajwa sana katika matangazo, nalo ni shingo iliyonyooka.

Ngazi tatu za magitaa

Gitaa kavu, ambalo wazee wengi bado huliita galatoni, ni gitaa ambalo sauti yake hutokana na mwili wake wenyewe bila msaada wa umeme. Mwili huo ni kisanduku chenye ubao wa mbele uliotobolewa tundu la sauti, ubao wa nyuma, na mbao mbili nyembamba za ubavuni zilizokunjwa kwa joto. Juu ya kisanduku huunganishwa shingo, ambayo uso wake una vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti, na mwisho wa shingo kuna kichwa chenye funguo za kukazia nyuzi. Kwa upande wa chini nyuzi hushikwa na daraja, yaani kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa juu ya ubao wa mbele, na hupita juu ya kijiti cha mfupa au plastiki kinachopeleka mtikisiko wake kwenye ubao huo.

Ubao mzima, katika lugha ya watengenezaji wa magitaa, ni ubao uliopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo, ambao unene wake wote ni mti mmoja usio na tabaka. Kinyume chake ni plaiwudi, bidhaa ambayo wakazi wa Njombe na Makambako wanaifahamu vyema kutokana na viwanda vya eneo hilo vinavyomenya magogo kuwa karatasi nyembamba za mbao, ambazo hatimaye hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingamana na lile la chini yake, na kugundishwa kwa mgandamizo. Plaiwudi ya gitaa ni nyembamba na laini kuliko ile ya dari au ya kumwagia zege, na tabaka lake la juu huwa la mti wenye sura nzuri, lakini kanuni ya utengenezaji wake ni ileile.

Kwa kigezo hicho magitaa hugawanyika katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya magitaa ambayo mwili wake wote ni plaiwudi, na hayo ndiyo mengi zaidi katika maduka ya Tanzania. Ngazi ya pili ni ya magitaa yenye ubao wa mbele mzima, huku nyuma na ubavuni kukiwa na plaiwudi. Ngazi ya tatu ni ya magitaa ambayo mbele, nyuma na ubavuni ni mbao nzima, na bei yake kwa kawaida huanzia mara mbili au zaidi ya bei ya ngazi ya pili. Lebo iliyo ndani ya tundu la sauti, au karatasi ya maelezo ya kiwanda, husaidia kutambua ngazi: maneno "solid top" humaanisha kwamba ubao wa mbele ni mzima, "all solid" humaanisha kwamba mwili wote ni wa mbao nzima, ilhali maneno "spruce top" yakisimama peke yake hutaja tu aina ya mti unaoonekana usoni, na mara nyingi huficha plaiwudi.

Mfano wa tofauti hiyo unapatikana katika magitaa ya Yamaha, chapa inayojulikana sana Afrika Mashariki. Modeli ya F310, ambayo wanafunzi wengi huanzia, ina ubao wa mbele wa plaiwudi. Modeli ya FG800, iliyotoka mwaka 2016 katika mfululizo ulioanza na FG180 mwaka 1966, ina ubao wa mbele mzima wa sprusi, na nyuma na ubavuni ni plaiwudi. Vivyo hivyo, kwa magitaa ya nyuzi za nailoni, C40 ni ya plaiwudi mbele ilhali zile za CG122 zina ubao mzima. Mtazamaji wa mbali hawezi kuyatofautisha, na kwa sababu hiyo namba ya modeli ina uzito kuliko jina la kampuni, tena katika soko ambamo chapa mashuhuri huigizwa.

Kwa nini ubao wa mbele na si mwingine

Waya uliokazwa hewani hautoi sauti ya kusikika mbali, kwa kuwa ni mwembamba na husukuma hewa kidogo sana. Kazi ya kusukuma hewa hufanywa na ubao wa mbele, ambao hutikisika pamoja na daraja mithili ya ngozi ya ngoma. Ili kazi hiyo ifanyike vizuri ubao unatakiwa uwe na sifa mbili zinazopingana, yaani uwe mwepesi ili utikisike kwa nguvu ndogo ya kidole, na uwe mgumu wa kutosha kuhimili mvuto wa nyuzi, ambao kwa seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma hulingana na uzito wa takriban kilo 70. Sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaoota katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, una sifa hizo kwa pamoja: mita moja ya ujazo ya mbao zake kavu ina uzito wa kilo 400 hadi 450 hivi, lakini ugumu wake kwa urefu wa mistari ya mbao ni zaidi ya mara kumi ya ugumu wake kwa upana. Kwa hiyo fundi huweza kuupunguza ubao hadi milimita 2.5 au 3, kisha akaugundishia mbavu nyembamba upande wa ndani, na bado ukabeba mzigo huo kwa miaka mingi.

Plaiwudi hupoteza faida hiyo kwa namna ilivyoundwa. Tabaka zinazokingamana hugawa ugumu kwa usawa pande zote mbili, jambo linalofaa sana kwa mlango au dari, lakini kwa gitaa humaanisha kwamba ugumu wa kwenda na nyuzi hupungua ilhali uzito haupungui. Zaidi ya hayo gundi iliyo kati ya tabaka humeza sehemu ya mtikisiko. Matokeo yake ni sauti fupi na yenye nguvu kidogo. Ubao mzima, kwa upande mwingine, hutoa sauti inayodumu baada ya kidole kuondoka, na wapigaji wengi wanaamini kwamba hulainika kadiri gitaa linavyopigwa mwaka baada ya mwaka.

Kwamba ubao wa nyuma na wa ubavuni hauna uzito wa namna hiyo si dhana mpya. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Uhispania ambaye umbo la gitaa la nyuzi za nailoni la leo linatokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake, alitengeneza gitaa lenye ubao wa mbele wa kawaida lakini lenye nyuma na ubavu wa karatasi zilizokandwa kwa gundi, ili kuonyesha kwamba sauti hutoka mbele; gitaa hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wapigaji 52 walipewa magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za nyuma na ubavuni, baadhi zikiwa za miti adimu na ya gharama kubwa, nyingine za miti ya kawaida. Wapigaji hao, wakiwa wamevaa miwani ya kuchomelea katika chumba chenye mwanga hafifu ili wasiweze kutambua mbao kwa macho, waliyapa magitaa yote alama zinazokaribiana sana. Kwa mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu, funzo lake ni kwamba pesa ya ziada inayotozwa kwa ajili ya mti wa nyuma hununua sura zaidi kuliko sauti.

Plaiwudi ina sababu yake

Si haki, hata hivyo, kuidharau plaiwudi, kwa kuwa muziki wa gitaa uliosambaa Afrika ya Kati, Kusini na Mashariki katikati ya karne ya 20 ulitegemea kwa sehemu kubwa magitaa ya bei ya chini. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza mjini Durban magitaa ya Gallotone, yaliyovuka mipaka na kufika mbali, na ambayo jina lake bado linasikika katika neno galatoni. Moja la aina ya Champion lilimfikia kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon mwaka 1957, na lebo yake ilimhakikishia mnunuzi kwamba gitaa hilo halitapasuka. Ahadi hiyo iliwezekana kwa sababu mwili wake ulikuwa wa plaiwudi, ambayo tabaka zake hushikana zisiachane hata hewa inapobadilika. Aidha, wapigaji walioonyesha uwezo mkubwa kupita kiasi, kama Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, sasa Likasi, walijenga jina lao kwa ufundi wa vidole, si kwa ughali wa ala.

Plaiwudi, basi, ni maridhiano: humpa mnunuzi uimara na kumnyima sehemu ya sauti. Mtu anayetaka gitaa la kubebwa kwenye bodaboda, la kuazimwa na vijana wote wa kwaya na la kuwekwa pembeni mwa jiko hafanyi kosa akichagua plaiwudi iliyotengenezwa vizuri. Anachopaswa kuepuka ni kulipa bei ya ubao mzima kwa kitu hicho.

Kupima ubao dukani

Njia ya kuaminika ya kutambua ubao mzima ni kuchunguza ukingo wa tundu la sauti, ambako unene wa ubao wa mbele unaonekana. Katika ubao mzima, mistari ya mbao inayoonekana usoni, ambayo ni alama za ukuaji wa mti wa kila mwaka, huendelea kushuka kwenye ukingo bila kukatika, kwa hiyo kila mstari wa juu una mwendelezo wake chini. Katika plaiwudi ukingo huonyesha tabaka mbili, tatu au zaidi zilizolala, mara nyingi zenye rangi tofauti, au hupakwa rangi nyeusi ili zisionekane. Na ukingo uliofunikwa kwa plastiki, ingawa haumaanishi lazima kwamba kuna udanganyifu, humtaka mnunuzi atafute ushahidi mwingine. Kwa ubao wa nyuma, kipimo ni kulinganisha sura ya nje na ya ndani kwa kumulika tochi ya simu kupitia tundu la sauti: fundo au mkunjo wa mistari uliopo nje usipoonekana mahali palepale kwa ndani, ubao huo una tabaka.

Ubora wa ubao mzima nao hutofautiana. Ule uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, hata mistari yake ikasimama wima katika unene wa ubao, hupinda kidogo na huhimili mvuto zaidi kuliko ule uliopasuliwa kwa kufuata ubapa wa gogo, na dalili yake ni mistari iliyonyooka, iliyo sambamba na yenye nafasi zinazokaribiana kutoka katikati hadi pembeni. Sprusi hupendwa na anayetaka sauti angavu inayovumilia mapigo ya nguvu, na mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini, mwepesi na laini zaidi, hupendwa na anayepiga kwa vidole, kwa kuwa hujibu mguso mdogo. Lakini mwerezi huo hubonyea na kuchubuka upesi, na kwa mnunuzi wa mara ya kwanza sprusi huwa chaguo salama zaidi.

Baada ya aina ya ubao hufuata afya yake. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida katika gitaa la nyuzi za chuma, lakini uvimbe mkubwa, hasa ukiambatana na kudidimia kwa eneo kati ya daraja na tundu, huashiria kwamba mbavu za ndani zimelegea au ubao umeshindwa na mvuto. Karatasi nyembamba ikipenya chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, gundi imeanza kuachia. Mwili ukigongwa taratibu kwa ncha ya kidole sehemu mbalimbali na kutoa mlio wa kitu kinachotetemeka ndani, kuna ubavu uliobanduka. Kasoro hizi hutokea zaidi katika magitaa ya mtumba, ambayo mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata ubao mzima kwa bei ndogo, na kila moja inapaswa kupunguza bei au kuahirisha ununuzi.

Shingo kabla ya ubao

Ubao mzuri wa mbele hauna thamani kwa mpigaji asiyeweza kubana nyuzi, na ndiyo maana uchunguzi wa shingo unapaswa kutangulia mwingine wote. Jambo la kwanza ni kimo cha nyuzi juu ya freti, ambacho hupimwa kwenye freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, nafasi iliyo kati ya freti hiyo na uzi mnene wa juu inafaa iwe takriban milimita 2.5, na kwa uzi mwembamba wa chini takriban milimita 2. Asiye na rula anaweza kutumia kadi tatu za benki zilizobebana, ambazo unene wake ni karibu milimita 2.3. Gitaa la nyuzi za nailoni hukubali kimo kikubwa zaidi, kati ya milimita 3 na 4, kwa sababu nyuzi zake ni laini na hucheza kwa upana.

Jambo la pili ni unyoofu wa shingo. Mnunuzi akibana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na wakati huohuo kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na mwili, uzi huo huwa rula iliyonyooka, na nafasi inayobaki chini yake kwenye freti ya saba inatakiwa kuwa ndogo kiasi cha karatasi mbili au tatu za kuandikia. Nafasi kubwa zaidi humaanisha kwamba shingo imepinda kwa mbele, na katika gitaa la nyuzi za chuma kasoro hiyo hurekebishwa kwa kukaza fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, ikiwa fimbo hiyo ipo na haijakwama. Shingo iliyojipinda kama ubao mbichi ulioachwa juani, yaani upande mmoja umeinuka na mwingine umeshuka, hairekebishiki kwa fimbo, na gitaa la namna hiyo linapaswa kuachwa dukani hata likiwa na ubao wa mbele wa daraja la juu.

Jambo la tatu ni usahihi wa sauti. Uzi ukipigwa ukiwa wazi, kisha ukabanwa kwenye freti ya 12, unapaswa kutoa sauti ileile kwa oktavu moja juu, na programu ya kutuni iliyopo kwenye simu huonyesha tofauti ambayo sikio changa haliwezi kuigundua. Kisha kila uzi upigwe kwenye kila freti, na panaposikika mlio wa kukwaruza pawekwe alama, kwa kuwa freti moja iliyoinuka inaweza kusawazishwa, ilhali freti nyingi zilizochakaa hugharimu kazi kubwa.

Onyo moja linahitaji kutajwa hapa kwa sababu kosa lenyewe ni la kawaida: gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni halipaswi kuvishwa nyuzi za chuma. Mvuto wa nailoni ni zaidi kidogo tu ya nusu ya mvuto wa chuma, mbavu za gitaa hilo zimepunguzwa kwa kipimo hicho, na shingo yake mara nyingi haina fimbo ya chuma; nyuzi za chuma zikifungwa, daraja hung'oka au shingo hupinda, na ubao mzima, kwa kuwa ni mwepesi zaidi, hauwi na kinga yoyote dhidi ya hali hiyo.

Hewa ya Nyanda za Juu

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwaka wake hugawanyika katika masika marefu yanayoanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kipindi cha ukavu kinachoanza kwa baridi kali ya Juni na Julai na kuishia kwa jua na upepo wa Septemba na Oktoba. Ubao mzima hupumua pamoja na majira hayo: hunyonya unyevu na kutanuka kwa upana wakati wa mvua, hivyo uso wa gitaa huvimba na nyuzi hupanda; kisha ubao hupoteza unyevu na kusinyaa wakati wa kiangazi, hivyo uso hudidimia, nyuzi hugusa freti, ncha za freti hujitokeza pembeni mwa shingo, na ukavu ukizidi ubao hupasuka kwa kufuata mistari yake. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kiwango ambacho chumba cha Njombe hukivuka juu na chini katika mwaka mmoja.

Hatari kubwa ni safari na moto. Gitaa lililokaa miezi mingi katika duka la Kariakoo, ambako hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu, limetanuka tayari. Likipandishwa Makambako kwa basi mwezi Septemba na kuwekwa siku hiyohiyo katika chumba kinachopashwa moto kwa jiko la mkaa, ambapo hewa inayopata joto huwa kavu zaidi bila kupoteza tone la maji, ubao hulazimika kusinyaa haraka kuliko unavyoweza kuvumilia. Tahadhari ni kuliacha ndani ya kasha lake kwa siku kadhaa na kulifungua kidogo kidogo, kulitunza ndani ya kasha hilo kila lisipopigwa, na wakati wa kiangazi kuweka ndani yake sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ikiwa katika kisahani cha sabuni chenye matundu, ili unyevu utoke bila maji kugusa mbao.

Sababu hiyo ya hewa ndiyo inayoifanya ngazi ya pili kuwa yenye busara zaidi kwa mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini. Gitaa la mbao nzima mwili mzima lina mbao nne zinazotanuka na kusinyaa kila moja kwa kiasi chake, na linamhitaji mwenyewe awe mwangalizi wa mwaka mzima; gitaa la ubao wa mbele mzima lina ubao mmoja wa kutunzwa, ambao ndio huohuo unaotoa sehemu kubwa ya sauti.

Mbao za nyumbani na soko la dunia

Swali linalojitokeza katika mji wenye mashamba ya miti ni kwa nini gitaa lisitengenezwe kwa mbao za hapohapo. Jibu la kwanza linahusu umri wa miti. Njombe imekuwa na kilimo cha miti cha kibiashara tangu mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya miwati inayojulikana kama TANWAT, na paini iliyoenea baadaye, yenye asili ya Mexico, hukua upesi na mara nyingi huvunwa kabla ya kutimiza miaka 20. Mistari yake ni mipana, mafundo ni mengi na gogo ni jembamba. Ubao wa mbele wa gitaa huundwa kwa vipande viwili vinavyofunguliwa kama kurasa za kitabu, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 20 hivi bila fundo wala kiini, na kipande cha namna hiyo hupatikana katika mti mnene uliokua taratibu kwa miaka mingi. Paini ya kenchi, kwa hiyo, si mbaya. Imekuzwa kwa kazi nyingine.

Mbao za asili za Tanzania zina nafasi tofauti. Mninga, wenye rangi ya dhahabu na usiopinda kwa urahisi ukishakauka, hutumiwa na baadhi ya mafundi wa nje kwa nyuma na ubavuni mwa gitaa. Mpingo, ambao uzito wake unaozidi kilo 1,000 kwa mita ya ujazo huufanya uzame majini, hufaa kwa uso wa shingo na daraja, ingawa soko lake kuu ni la ala za kupuliza kama kilarineti. Biashara ya miti hiyo ina masharti: jamii nzima ya miti inayojumuisha mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES mwanzoni mwa mwaka 2017, kisha mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa katika sharti la vibali, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukauingiza mninga pamoja na ndugu zake wa Afrika katika udhibiti. Wilayani Kilwa, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, ambacho huthibitisha kwamba uvunaji unafuata kanuni za uhifadhi. Kwa mnunuzi wa gitaa moja masharti hayo hayaleti usumbufu, lakini yanaeleza kwa nini viwanda vingi vinatafuta miti mbadala, na kwa nini jina la mti adimu kwenye lebo lisichukuliwe kuwa dhamana ya ubora.

Mahali ambapo fundi wa nyumbani ana nafasi ya moja kwa moja ni katika marekebisho. Kijiti cha plastiki kilicho darajani kinaweza kubadilishwa kwa kile cha mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, kukaushwa na kusuguliwa kwa msasa hadi kufikia kimo kinachotakiwa. Daraja lililobanduka linaweza kugundishwa upya kwa gundi ya mbao na vibano, mradi gundi kavu ya awali ikwanguliwe na isitumiwe gundi ya haraka ya dukani, ambayo humzuia fundi wa baadaye kulifungua bila kuharibu ubao. Seremala makini anazo tayari zana za kazi hiyo, na anachohitaji kuongeza ni vipimo vya milimita.

Mpangilio wa matumizi

Kutokana na hayo yote, mnunuzi mwenye bajeti ndogo anaweza kuigawa fedha yake kwa utaratibu unaoeleweka. Fungu la kwanza litengwe kabla ya kuingia dukani kwa ajili ya seti mpya ya nyuzi, kasha na kazi ya kurekebisha kimo, kwa kuwa magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa na nyuzi zilizo juu, na marekebisho hayo huongeza urahisi wa kupiga kuliko tofauti yoyote ya mbao. Fungu linalobaki litafute gitaa lenye shingo iliyonyooka, na kati ya yale yatakayofaulu mtihani huo lichaguliwe lenye ubao wa mbele mzima wa sprusi, bila kujali jina la mti wa nyuma, maua yaliyochorwa kuzunguka tundu wala mng'aro wa vanishi, ambayo ikiwa nene huubana ubao usitikisike.

Fedha ikipungua kabla ya kufika hapo, kinachopaswa kuachwa ni ubao mzima, si shingo, kwa kuwa gitaa la plaiwudi linalobanika vizuri na kushika tuni litamfundisha mwanafunzi kwa miaka kadhaa na bado litauzika, ilhali gitaa la mbao nzima lenye shingo iliyopinda halifundishi chochote. Fedha ikizidi, mnunuzi wa Njombe anafanya vyema kuiongeza katika ubora wa ubao uleule wa mbele na katika kasha imara, kabla ya kufikiria gitaa ambalo mwili wake wote ni mbao nzima. Hilo ni la mtu aliyekwisha kuonyesha, kwa misimu miwili au mitatu ya mvua na kiangazi, kwamba anaweza kuutunza ubao mmoja.